Fisi, Bucha na Sisi Wanunuzi

Maneno haya niliyasema Jumapili mchana kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji chetu, wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Vijana waliokuwa wakirekodi kwa simu waliharibiwa sauti na upepo, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila utani nimeupunguza.

Mzee mwenyekiti, bwana mtendaji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa juu ya pikipiki kama watu wanaotaka kuondoka: mwangaluka.

Nimepewa dakika ishirini. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31, nikisikiliza watu wakitumia saa tatu kusema jambo la dakika tano. Nitajitahidi nisiwe kama wao.

Tangu Jumatano ya wiki iliyopita hapa kijijini hakuna habari nyingine. Askari kakamatwa. Jina lake sitalitaja, wala sare yake ni ya wapi sitasema, ingawa mnajua kuliko mimi. Upelelezi unaendelea, na mtu huyu ni mtuhumiwa mpaka mahakama iseme vinginevyo. Nitasema tu yale yaliyoonekana kwa macho. Pikipiki ilisimamishwa kwenye geti la maliasili ikiwa na magunia mawili ya mkaa. Chini ya mkaa kulikuwa na salfeti tatu za nyama iliyokaushwa, na katika salfeti mojawapo, yamefungwa ndani ya koti la mvua, meno mawili ya tembo. Aliyekuwepo ananiambia yalikuwa madogo, hayafiki urefu wa mkono wake kuanzia kiwikoni. Tembo wa meno hayo bado anatembea nyuma ya mama yake. Kijana dereva alipoulizwa mzigo ni wa nani alijibu, "Wa afande." Na afande mwenyewe akawa anakuja nyuma na pikipiki nyingine, taratibu, wala hana haraka.

Siku zote hizi nimekaa barazani kwangu nikisikiliza mnavyosema. Nyumba yangu iko njia ya kisimani, hakuna neno linalonipita.

Kwanza mlicheka. "Fisi kapewa bucha!" Kila simu ina picha ya fisi kavaa kofia ya askari. Watoto nao wametunga mchezo: mmoja ni afande, mmoja ni palahala, yaani yule swala mkubwa wa porini, mmoja ni dereva wa bodaboda anayekimbia huku akilia. Nami nilicheka, sitakataa.

Usiku wa Alhamisi kicheko kiligeuka. Vijana walikwenda na dumu la petroli hadi nyumba aliyopanga. Ndani kulikuwa na mke wake na watoto wawili, mmoja yuko darasa la kwanza na mjukuu wangu. Ahsante, mzee mwenyekiti, kwa kusimama pale mlangoni na shuka lako la kulalia. Watu wanakucheka kwa lile shuka. Waache wacheke.

Wazee kwenye bao waliamua zamani: "Atahamishwa tu." Wakaendelea kuhesabu kete.

Lakini lililonitia hofu nililisikia kwenye mashine ya kusaga, na msemaji hakuwa na kelele wala petroli. Baba mmoja, mtu mzima, mwenye mke na shamba, alisema hivi huku akipokea unga wake: "Kama afande anaua, mimi gobore la babu linafanya nini darini?" Watu watano walikuwepo. Wote walitikisa kichwa kukubali.

Najua uchungu unatoka wapi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inamfanya kila anayekutwa na nyara za serikali bila kibali kuwa mkosaji, na nyara si meno peke yake: ni nyama, ni ngozi, ni mkia, ni paja la swala. Kosa hilo likiunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, adhabu inaanzia miaka 20 hadi 30. Wapo watoto wa kijiji hiki wako gereza la Uyui sasa hivi. Kuna hukumu moja niliyoipiga chapa mimi mwenyewe, vielelezo vilikuwa paja moja na kisu cha mpini wa mbao. Mama wa kijana alikaa benchi la nyuma ameshika kikombe cha plastiki chenye uji, alidhani mwanawe ataruhusiwa kunywa kabla hajapelekwa. Uji ule ulipoa mikononi mwake.

Upande wa pili, tembo akimuua mtu shambani, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi shilingi 1,000,000. Na pori la akiba la Ugalla lilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, kambi za asali na za uvuvi zilizokuwa zikiingia kwa kibali cha msimu zikabaki nje, kwa sababu ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi. Mimi nina mizinga 40. Najua maana ya kuutazama msitu kwa mbali ukiwa umezaliwa ndani yake. Kisha mtu asikie kwamba palepale anapozuiwa mrina asali na moshi wake, mwenye sare anaingia na bunduki. Lazima damu ichemke.

Tena sisi si wageni wa jambo hili. Tabora ilikuwa njia panda ya pembe. Babu zetu walibeba meno ya tembo mabegani hadi Bagamoyo, na watemi walikuwa na haki yao katika kila tembo aliyeanguka kwenye himaya zao. Mirambo na Waarabu wa Tabora walipigana tangu 1871, na njia ya pembe ilikuwa katikati ya ugomvi huo. Kwa hiyo mtu asituambie tembo ni mambo ya watalii.

Katika zama zetu, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 109,051 nchi nzima. Ya mwaka 2014 ikahesabu 43,330. Pengo linapita 65,000 kwa miaka mitano, na upande wetu huu wa magharibi, kuelekea Malagarasi na Moyowosi, pigo lilikuwa kubwa. Niambieni ninyi mnaojua gobore: linajazwa baruti, linashindiliwa, linapigwa mara moja, unakimbia. Magobore yamalize tembo wote hao? Na meno yale yatembee kilomita elfu moja hadi bandarini, yapite kila kizuizi, kila mizani, kila tochi? Hayakupaa. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga miaka 15 Yang Fenglan, yule mama wa Kichina waliyemwita Malkia wa Pembe, pamoja na Watanzania wawili, kwa biashara ya mamia ya meno ya tembo. Mtu wa mwisho alipatikana. Wa katikati, wale wanaoinua kamba ya kizuizi na kusema "pita", wengi wao hatukuwahi kuwaona kizimbani. Ndiyo maana huyu wa kwetu, hata kama ni wa salfeti tatu na meno mafupi, kesi yake ni kubwa.

Baadaye serikali ilitangaza tembo wamepanda kupita 60,000. Hilo nalo lilifanywa na askari. Shemeji yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Alikuwa anakaa porini wiki tatu, anarudi na miguu imeoza kwa unyevu, na mwaka mmoja alirudi bila mwenzake. Mwezi Januari 2016 kule Maswa majangili waliipiga risasi helikopta iliyokuwa ikiwafuatilia, rubani wake Mwingereza, Roger Gower, akafa. Watu wanakufa kwa kazi hii. Kwa hiyo anayesema "askari wote ni walewale" anamtukana shemeji yangu kaburini, na nitamjibu nje ya mkutano.

Na ninyi wa petroli, mmesahau mapema. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza. Walikuja kutafuta majangili, na yakatendeka mambo: watu kupigwa, kuteswa, mifugo kuuawa, wengine kupoteza maisha. Ikasimamishwa wiki chache tu baadaye, Bunge likachunguza, na Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Siku zile ninyi, na baba zenu, ndio mliosema hata jangili ana haki ya kufikishwa mahakamani akiwa mzima. Sasa mwenye sare kakaa kwenye kiti cha mtuhumiwa, mnataka achomwe na wanawe? Mkimchoma, kesi imekufa na yeye, na jina la aliyekuwa akimpokelea mzigo huko mjini limekufa pia. Nani anafurahi hapo?

Nije kwenye ninachokijua, ambacho ni jinsi kesi inavyokufa. Nimeziona nyingi zikifa, na karibu zote zilikufa kimyakimya.

Inaanzia siku ya kukamata. Mali inapokamatwa panatakiwa hati: nini kimekamatwa, wapi, saa ngapi, sahihi ya aliyekamatwa, sahihi ya aliyekamata, na sahihi ya shahidi huru, yaani mtu kama wewe, asiye askari. Pale getini Jumatano palikuwa na watu zaidi ya thelathini, na wote mlinyoosha simu. Mtendaji anasema walipoomba mtu wa kusaini, kundi lilirudi nyuma hatua tatu kama limeona nyoka. Alisaini muuza karanga mmoja, na tangu siku hiyo anaitwa "mchomaji", yaani mtoa siri za wenzake. Mnamwita mchomaji mtu pekee aliyefanya kazi.

Halafu nyama. Nyama inaoza, haiwezi kusubiri kesi ya mwaka mzima. Mtaalamu wa wanyamapori anaitambua na kuithamini, kisha mpelelezi anaipeleka kwa hakimu kuomba amri ya kuiteketeza. Mahakama ya Rufani imeshasema, na si mara moja, kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati huo, aulizwe ana la kusema. Wasipompeleka, ile karatasi haina miguu. Nimewahi kuona kesi ambayo kila mtu alijua nini kilitokea, lakini nyama ilichomwa nyuma ya jengo wakati mtuhumiwa yuko mahabusu hajui lolote. Miaka minne baadaye alitoka kwa rufaa akapanda basi, akashuka kijijini kwao, watu wakasema kahonga. Hakuhonga. Karatasi ndiyo iliyomtoa. Sasa jiulizeni: mwananchi wa paja la swala hajui hilo. Afande anajua. Amesomea vielelezo.

Kuna na risasi. Askari hapewi risasi kama peremende. Kuna daftari: silaha namba fulani, risasi ngapi, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sahihi ya anayetoa na ya anayepokea. Palahala hafi kwa kuangaliwa. Mtu aulize lile daftari la miezi sita linasemaje, na aulize mapema kabla hajatokea panya wa kulila.

Kisha ndiyo inakuja ile sehemu ndefu. Kesi za uhujumu uchumi zinahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka ndipo mahakama ya chini iisikilize. Mpaka kipatikane, mtasikia "upelelezi haujakamilika", siku kumi na nne, "upelelezi haujakamilika", siku kumi na nne nyingine. Mara ya kwanza mtakwenda lori zima, na nyimbo. Mara ya pili basi dogo. Mara ya tano mvua zimeanza, mnalima, na pale mahakamani atakuwepo karani, mgambo, na mama mmoja aliyekuja kwa kesi nyingine ya kiwanja. Hapo ndipo mambo yanapopungua uzito. Shahidi anatembelewa usiku, anaambiwa habari za watoto wake.

Namkumbuka kijana mmoja wa bodaboda, si wa hapa. Alikuwa ameona kila kitu kwenye kesi yao. Alipanda kizimbani, akaulizwa, akasema, "Sikumbuki, mheshimiwa." Mara tatu. Wakati wote kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ufunguo wa pikipiki, na kila akisema hakumbuki anausugua zaidi. Mashine yangu ya chapa haina alama ya kuandika jambo hilo. Nikaandika: shahidi anasema hakumbuki.

Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, ya mwaka 2015. Ni sheria nzuri, mtu aitumie. Lakini usiku wa manane sheria haibishi hodi kwako, anayebisha ni jirani, na jirani akilala usingizi wa kujifanya, shahidi yuko peke yake.

Sasa nafika mahali ambapo naona wengine mmeshaanza kutazama chini kabla sijafika.

Nyama ile ilikuwa ikiuzwa hapa. Tangu kiangazi, Jumamosi jioni, nusu ya bei ya buchani. Aliyekuwa akiisambaza ni yuleyule kijana wa getini, na kila mtu alikuwa anajua mzigo ni wa nani. Kweli kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, lakini bucha hilo sisi wa huku tunalisikia tu. Kwa hiyo tulinunua. Nasema tulinunua kwa sababu na mimi nilinunua. Kilo mbili.

Msiguneguneni, nimalize.

Alinipigia hodi, akasema, "Mama karani, hii ya ng'ombe aliyevunjika mguu kwa shangazi." Nyama nyeusi ile, haina mafuta hata chembe, inanuka moshi wa porini. Ng'ombe gani huyo? Nilijua. Nikatoa pesa kwenye kibubu, nikaitundika juu ya moto, tukala na wajukuu siku tatu na ugali. Miaka 31 nimeandika maneno "alikutwa na nyara za serikali bila kibali", nayajua hata usingizini, na nikaosha sufuria kana kwamba hakuna neno.

Jumanne nilikwenda kuandika maelezo. Mpelelezi ni Mzaramo, mtani wetu. Aliposikia nimeanza na kilo mbili, akaweka kalamu chini akacheka: "Wanyamwezi! Babu zenu walibeba, ninyi mmeamua kula." Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama najua ninachojifanyia. Nikamwambia najua, hukumu hizo nimezipiga chapa mimi. Akaandika. Kurasa tatu: siku, saa, bei, maneno ya kijana, na nani aliyekuja kukusanya hela Jumapili asubuhi na pikipiki gani. Nikasoma kila mstari, nikasahihisha tarehe moja, nikasaini. Wakitaka kunishtaki nipo, nyumba yangu mnaijua. Sijui kama watanishtaki. Usiku ule sikulala vizuri, nisiwadanganye.

Baba wa mashine ya kusaga, simtaji, yupo hapa. Nakuuliza wewe. Gobore la babu ukilishusha, afande huyu atafurahi kuliko mtu yeyote, maana wakili wake atasimama aseme kijiji kile chote ni majangili, mteja wangu kasingiziwa nao. Na atakuwa na ushahidi, kwa sababu wewe utakuwa umeshakamatwa.

Sikuja kuomba mchango wala maandamano. Nataka watu waliouziwa, waliobebeshwa mzigo, warina asali waliookota maganda ya risasi kule kwenye mizinga, na nawafahamu wawili, waende waseme yale waliyoyaona, kwa majina yao. Anayeogopa kwenda peke yake asiende peke yake. Na yule muuza karanga kuanzia leo nanunua karanga zangu kwake, na nikisikia mtu anamwita mchomaji ajue mimi ni mchomaji mkubwa kuliko yeye.

Mke wa mtuhumiwa bado yuko pale nyumbani na watoto, na ninasikia kuna watu wamemkatalia maji kisimani. Mjukuu wangu atampelekea ndoo mbili jioni hii.

Gari la Tabora linapita hapa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Nimezungumza na kondakta, ameniwekea viti sita, vya mbele, kwa nauli ya kawaida. Kimoja ni changu, narudi kusaini ukurasa waliousahau. Nitakuwa chini ya mwembe wa zahanati kuanzia saa kumi na moja na nusu, nina chupa ya chai.